Mkata ngazi aliyekimbia sindano

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana mtaa mzima umekwisha kulisema na sitaki wao ndio walimalizie. Mimi ndiye niliyeleta wanaume wanne wamshike Magloire siku ya kupimwa damu. Wanne, wenye mikono ya kazi, ndani ya chumba ambacho hata watu watatu wanabanana. Nilikuwa na nia njema. Naitwa Mama Dieudonnée, nakamua mawese pembeni ya Kasongo, kwenye njia iendayo Kabambare, na mume wangu Hippolyte husema kwamba ulimi wangu na mikono yangu huamka mapema kuliko akili. Safari hiyo sikumbishia.

Magloire ndiye mkata ngazi wangu. Kwa msiojua kazi hii, ngazi ni yale matunda mekundu ya mchikichi tunayoyachemsha na kuyakamua mpaka yatoe mawese, na hayashuki yenyewe. Lazima mtu ajifunge kamba ya kupandia, aizungushe kwenye mti, apande mpaka kwenye makuti, aingize mkono katikati ya miiba na kukata mkungu mzima. Magloire amefanya hivyo miaka kumi na miwili, tangu akiwa kijana wa kumi na minane. Mikono yake imechomwa na miiba mpaka ngozi imekuwa ngumu. Siku moja aliteremka uso umemvimba kwa nyuki, jicho moja halifunguki, akaniuliza kama mikungu mitano itatosha au aongeze.

Na ana adabu ya kazi. Mkungu ukimwangukia mtu kichwani, hakuna haja tena ya kumpeleka hospitali. Ndiyo maana kwetu mkata ngazi hakati bila kuita. Anapaza sauti toka juu: "Ngazi inakuya!" Nasi tulio chini, kila mmoja wetu, tunajibu: "Ikuye!", yaani na ije. Wako wakataji wavivu wanaoita na kukata papo hapo. Magloire huhesabu sauti. Akijua tuko watatu na amesikia mbili, atangoja na panga mkononi, nyuki wakimzunguka, mpaka wa tatu ajibu. Mara nyingi wa tatu ni mimi, kwa sababu huwa naongea.

Sasa huyu mtu asiyeogopa nyoka wala urefu wa mti alikuwa amechumbia Nadine, msichana wa Kabambare anayeuza samaki wakavu wa Nyangwe sokoni kwetu. Mahari ilikwisha kutolewa, ndugu wa pande zote mbili walikula na kushiba, na wawili hao walikuwa wakiishi pamoja mwaka wa pili sasa. Kilichobaki ni ndoa ya kanisani, na mimi na Hippolyte tulikuwa wasimamizi wao. Katika parokia yetu majina ya wachumba hutangazwa Jumapili tatu, na kabla ya Jumapili ya tatu wote wawili lazima wamletee Padri karatasi ya hospitali kwamba wamepimwa damu. Bila karatasi, tangazo la tatu halisomwi.

Mara ya kwanza majina yalisomwa Jumapili mbili, kisha Magloire akasema ana homa. Mara ya pili alisafiri kwenda Lusangi kumkatia mjomba wake ngazi, akisema ni siku mbili tu, akarudi baada ya wiki tatu. Watu si wajinga. Sokoni wakaanza kunong'ona, na mnong'ono wa soko letu unasikika mpaka barabarani.

"Anajua iko na nini ndani ya damu," walisema. "Ndiyo sababu anakimbia."

Magloire alisikia. Akapanda miti yake tu. Padri alipoanza matangazo upya kwa mara ya tatu, nilimwambia kwamba safari hii nitamburura mimi mwenyewe. Akacheka kidogo, akasema, "Ndiyo, mama." Mtu mkimya akikuambia ndiyo, huwezi kujua amekubali au amechoka.

Jioni moja Nadine alikuja kwenye mashine yangu ya kukamulia. Nilidhani amefuata mawese, lakini hakuwa na chupa. Alikaa juu ya kinu kilichogeuzwa, akatazama kushoto na kulia.

"Mama, niko na mimba," alisema. "Miezi miwili. Usimuambie mutu."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilipomwona uso, nikaacha. Akanieleza mambo ambayo sikuwa nimeyajua. Kwao Kabambare walizaliwa watano na wawili wamezikwa. Wa kwanza kufa alikuwa Yves, aliyefika miaka sita, usiku na mchana akilia mifupa inamuuma, macho ya manjano. Wa pili hakufikia hata kutembea. Muuguzi mmoja aliwaambia ni SS, ugonjwa wa damu ambao mtoto huupata akirithi damu mbaya kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wake wote wawili walikuwa wazima na wote wawili walikuwa wameibeba bila kujua. Mahari ilipojadiliwa, mama yake alimkataza kutamka neno hilo, maana binti wa nyumba yenye SS haposwi kirahisi.

"Kama na Magloire iko nayo, mutoto uyu anaweza kuwa kama Yves," Nadine alisema. "Kile kipimo cha Padri kinaonyesha na SS. Nataka kujua mbele, mama. Miye nilimubeba Yves mugongoni mpaka siku ya mwisho."

"Basi mwambie mume wako! Akisikia kuna mimba, ataenda mbio."

Alitikisa kichwa. "Nikimuambia na akatae, nitajua niliolewa na mutu wa namna gani. Sitaki kujua ile."

Sikulala vizuri kwa jambo hilo. Nilimkasirikia Magloire mpaka nikashindwa kula naye sahani moja, na kwa hasira hiyo ndipo nilipokata shauri la wanaume wanne. Niliwachagua wakata ngazi wenzake. Niliwaambia wangoje nje ya maabara siku ya Jumanne, nikikohoa waingie.

Jumanne ikafika. Magloire alikuja ameoga, shati jeupe limepigwa pasi, na nikasema moyoni kumbe ni mtu mwema tu. Maabara ya hospitali ni chumba kidogo, na mwenye chumba ni Gaston, fundi wa vipimo. Si daktari, lakini wote tunamwita docta Gaston, naye haoni sababu ya kutusahihisha. Nadine alitolewa damu kwanza, bila kupepesa jicho. Kisha Magloire akakaa kwenye kigoda kilichokuwa katikati ya chumba. Gaston alipofungua karatasi ya sindano, nilimwona Magloire anageuka rangi ya majivu. Jasho lilimtoka mpaka kola ikalowa. Akainua mguu mmoja kama mtu anayetaka kusimama.

Nikakohoa.

Wale wanne waliingia, wakamkamata kwa nyuma, mabega na kichwa. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia namna ile. Haikuwa hasira. Alipiga teke meza, chupa zikaanguka, akawasukuma wote wanne ukutani, akatoka. Alivuka ukumbi uliojaa akina mama na watoto wao, akaacha kiatu kimoja mlangoni. Kabla ya adhuhuri soko zima lilikuwa limepata habari kwamba Magloire alifungwa kama mbuzi na bado akakataa, na sasa hakuna aliyekuwa na shaka.

Nadine aliokota kile kiatu. Hajawahi kunipandishia sauti, na hata siku hiyo hakupandisha.

"Mama, umefanya nini?" alisema, akaondoka nacho.

Nilipofika nyumbani, Hippolyte alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, wala hakuuacha.

"Kesho utaenda kumuomba musamaha," alisema. "Miye sitakusindikiza."

Asubuhi yake nilikwenda kwenye michikichi nyuma ya kisima, nimejikaza kisabuni. Magloire alikuwa juu, nikaona nyayo zake tu na kamba. Niliona aibu, na nikiona aibu mimi hununa. Nikasimama chini ya mti wa pili.

"Ngazi inakuya!" akaita. Alikuwa ameniona.

Nilinyamaza.

"Ngazi inakuya!"

Mkungu ulikuwa umekwisha kukatwa nusu, unaning'inia. Nyuki walikuwa wameanza kutoka kwenye makuti, nikawaona wakimzunguka kichwani. Yeye ameuzuia mkungu kwa bega, hakati, hashuki. Ananingoja mimi, mwanamke aliyemwaibisha jana mbele ya hospitali nzima.

"Mama, jibu," alisema. "Siwezi kukata kama haujajibu."

"Ikuye," nikasema, na machozi yalinitoka papo hapo. Siyafichi.

Mkungu ulianguka mbali nami. Aliteremka, akafungua kamba, akaanza kung'oa miiba kiganjani. Nilimwomba radhi kwa maneno machache, kwangu mimi ni ajabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza, akitazama mikono yake.

Alipokuwa na miaka minane ilikuja timu ya kupima ugonjwa wa malale, ule unaoletwa na mbung'o na kumfanya mtu asinzie mpaka kufa. Kijiji kizima kilipanga mstari. Wakamgusa shingo, wakakuta imevimba. Wakamlaza kwenye meza ubavu, wakamkunja magoti mpaka kidevuni, wanaume wakamshika kichwa na miguu, na mtu aliyesimama nyuma yake akamchoma sindano ndefu ya mgongo ili atoe maji ya kupima.

"Sikuiona," alisema. "Hakuna mutu aliniambia kitu. Nilifikiri wananiua, mama. Na kisha wakarudia mara mbili, siku zingine, vile vile."

"Lakini walikuponya."

"Ndiyo, waliniponya. Nawashukuru. Lakini mwiba naiona. Nyuki naisikia inakuja. Ile siku sikuona kitu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Miaka yote hiyo, matangazo mara tatu, maneno yote yale ya sokoni!

"Niseme nini? Mukata ngazi anaogopa sindano?" Alitabasamu vibaya. "Afadhali waseme niko mugonjwa."

Hapo nilipandwa na hasira tena, naikiri. Mwanaume mzima anakubali dunia imwite mgonjwa ili tu isimwite mwoga! Nikamuuliza, na Nadine je? Akajibu taratibu kwamba Nadine naye anamshuku kama wengine, ndiyo maana anang'ang'ania kipimo.

Ulimi wangu ukaja na ile habari ya mimba mpaka kwenye meno. Nikauuma. Kwa hao ndugu waliozikwa, hapana, sikuweza kunyamaza. Nikamweleza habari za Yves na za yule mdogo, na SS, na kwamba mama mkwe wake ndiye aliyemfunga Nadine mdomo. Magloire alikaa chini kwenye majani makavu.

"Mimi nilijua walikufa na homa," alisema. "Basi haogopi damu yangu tu. Anaogopa na yake."

"Anaogopa ya watoto wenu."

Nilikuwa natazama ule mkungu pale chini, na ndipo jambo likanijia, nami nalisema bila kiburi kwa kuwa lilichelewa sana kunijia.

"Magloire, weye unaweza kukata ngazi bila kuita watu?"

"Hapana! Naweza kuua mutu."

"Basi docta Gaston atakuita. Atakuambia kila kitu kinakuja, na weye utajibu. Usipojibu, hatoboi. Hata mpaka jioni."

Alifikiri. Akaokota ngazi zilizotawanyika, moja moja, akaziweka kwenye kikapu changu.

"Na nyuma yangu?" akauliza.

"Ukuta. Hakuna mutu."

Gaston alicheka nilipomweleza, kisha akaona sicheki, akaacha. Alisema Alhamisi twende mapema, kabla ya wagonjwa wengi. Tulifika wanne. Hippolyte alibaki nje kuzuia mlango. Kiti kiliegemezwa ukutani, na Magloire akakaa, mgongo wake umegusa saruji. Nadine alisimama mbele yake, pale ambapo angeweza kumwona. Mimi niliambiwa nikae pembeni na nifunge mdomo, na nilifunga.

Gaston alionyesha mpira wa kufungia mkono. "Kamba inakuya," alisema, kwa haya kidogo, maana si kazi yake.

"Ikuye," Magloire akajibu.

"Pamba inakuya. Iko na baridi."

"Ikuye."

Gaston akafungua sindano, akaiinua ili ionekane yote. "Sindano inakuya."

Kimya. Uso ulikuwa umegeuka majivu tena, jasho limeanza. Gaston aliishika sindano hewani na hakusogea. Nje mtoto alilia, akabembelezwa, akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshika kanga yangu kwa vidole vyote kumi. Gaston aliita tena, na Magloire akafungua mdomo, sauti haikutoka.

"Ngoja," alisema mwishowe.

Gaston akaweka sindano chini. Akaufungua mpira ili mkono usife ganzi, akakunja mikono yake kifuani, akangoja kama mtu asiye na kazi nyingine Kasongo nzima. Nilimpenda mtu yule siku hiyo. Baada ya muda walianza upya, kamba, pamba, baridi. Nadine hakumhimiza, ila alikuwa anapumua naye.

"Sindano inakuya."

Magloire alitazama ile ncha, hakufumba macho.

"Ikuye," akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

Ikaingia. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, mkono haukutikisika. Alitazama damu inavyopanda ndani ya kichupa, akashangaa.

"Ile yote ni yangu?"

"Yako," alisema Gaston. "Na imekwisha. Bonyeza pamba."

Alibonyeza. Alipotoka, benchi la nje lilikuwa limejaa, na mama mmoja wa sokoni, mwenzake Nadine katika samaki, alimtazama juu mpaka chini. "Leo umekubali?" akamuuliza.

Magloire alisimama mbele yao wote. "Nilikuwa naogopa sindano," alisema. "Sina kitu kingine. Naogopa sindano tangu niko mutoto."

Walicheka. Wengine walicheka kwa wema na wengine vibaya, naye akacheka nao, kisha akaenda kukaa kwenye nyasi nusu saa kwa sababu miguu ilikuwa haimbebi. Nadine alikaa naye. Alikuwa amekuja na kile kiatu.

Jumamosi Gaston alituita sote wanne. Karatasi zilikuwa mbili mezani. Alianza na ya Magloire, akaisoma mstari kwa mstari: hana hili, hana lile, na kwa upande wa SS damu yake ni safi kabisa, hakubeba chochote. Hippolyte akanishika goti. Kisha Gaston akachukua ya Nadine, akashusha sauti. Nadine mwenyewe si mgonjwa, alisema, lakini ameibeba, kama wazazi wake.

Nadine hakulia. Alikaa wima, mikono mapajani, kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa anaijua. Ni mimi niliyeshtuka. Wiki zote hizo tulikuwa tunaiogopa damu ya mume.

"Sikiliza vizuri," Gaston alimwambia. "Mutoto anachukua nusu kwa baba, nusu kwa mama. Kwa kuugua, lazima achukue mbaya kwa wote wawili. Kwa Magloire hakuna mbaya ya kuchukua. Watoto wenu, wengine wataibeba kama weye, lakini hakuna mumoja ataugua SS."

"Sema tena," Nadine alisema.

Akasema tena.

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja."

Nadine aliweka mkono tumboni.

"Hata uyu?"

Gaston alitazama mkono ule, akamtazama Magloire, akaelewa kabla ya Magloire kuelewa. "Hata uyu," alisema, akachukua faili ambalo hakulihitaji, akatoka.

Hippolyte alinivuta mkono nami nitoke. Nilitaka kubaki. Nimesubiri jambo hili kwa shida kubwa, na nina haki zangu kama msimamizi wa ndoa. Lakini alinivuta kweli, na mlango ukabaki wazi kidogo, kwa hiyo nilisikia. Kwanza kiti kilikwaruza saruji. Kisha Magloire, polepole, kama mtu anayeogopa kuuliza vibaya:

"Na atakuwa muzima?"

Na Nadine, aliyembeba Yves mgongoni mpaka siku ya mwisho, akamjibu:

"Atakuwa muzima."